Milansi: kijiji kilichotoa ufalme kikabaki na heshima

Sumbawanga ni mji wa juzi. Ulikua wakati wa ukoloni, ukawa makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, mkoa huo ulipoundwa mwaka 1974, na leo lami inayotoka Tunduma imeufanya kituo cha malori ya mahindi. Lakini ukitaka kujua Ufipa, nchi ya Wafipa, ilianzia wapi, wazee hawakuelekezi mjini. Watakutajia Milansi, kijiji kidogo karibu na mlima Itweelele, katikati ya uwanda wa juu wa Ufipa.

Simulizi za Wafipa zinasema Ntatakwa, mtawala wa kwanza, alianguka kutoka mbinguni dunia ilipokuwa inaanza, na Milansi ikawa makao yake. Vijiji vingine vya uwanda vilihama ardhi ilipochoka au vita vilipopita. Milansi, kwa mujibu wa masimulizi, haikuhama.

Kisha wakaja wanawake watatu. Walikuwa wageni kutoka mbali, mama wa ukoo wa kifalme uitwao Watwa (si Watwa wa misituni tunaowajua Rwanda na Kongo), na walifika mtawala wa Milansi akiwa mawindoni. Mkewe akawakaribisha. Mmoja wao akakalia kigoda cha mtawala, na mwenye nyumba aliporudi akakuta nchi imeshakaliwa. Hakuna mkuki uliorushwa. Yaliyofuata ni makubaliano: wageni wakachukua utawala wa Ufipa, na mwenyeji akabaki na Milansi yake, pamoja na heshima ya kuwa wa kwanza.

Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliichukua simulizi hii kwa uzito unaostahili, na mwaka 1981 akachapisha kitabu kizima juu ya namna dola ya Wafipa ilivyojengeka. Alionyesha kwamba kwa Wafipa Milansi ni kichwa na Watwa ni kiuno: upande mmoja ukongwe na busara, upande wa pili nguvu na uzazi, na mwili hauwezi kuishi kwa kimojawapo tu. Nadhani hapo ndipo penye ubora wa historia hii. Mara nyingi mtawala mpya hufuta jina la aliyemtangulia. Ufipa ilimwacha wa kwanza akae pale pale, akaendelea kuheshimiwa kama mwenye nchi kwa upande wa mizimu na mila, huku mwingine akitawala.

Na utawala huo mpya haukuwa na utulivu. Ukoo wa Watwa ukagawanyika, zikatokea falme mbili, Nkansi na Lyangalile, zilizopigana kwa vipindi virefu. Katika miaka ya 1840 Wangoni wakapanda uwandani kutoka kusini. Kiongozi wao Zwangendaba alifia Mapupo, huku huku Ufipa, na baada ya kifo chake wafuasi wake wakasambaratika: kundi moja, Watuta, wakaelekea kaskazini hadi karibu na Ujiji, wengine wakarudi kusini.

Joseph Thomson, Mskoti aliyepita mwaka 1880, alikuta nchi imetulia chini ya mfalme Kapufi wa Nkansi, na akawaeleza Wafipa kuwa ni wakulima kuliko kitu kingine chochote. Sifa hiyo ilikuwa ya haki. Mfipa wa zamani hakuishi mbali na mwenzake kama walivyo wakulima wengi wa nyanda za juu. Aliishi kijijini, nyumba zikikaribiana, watu wa koo tofauti wakiwa majirani, na mashamba yakiwa nje.

Mashamba yenyewe ni somo. Uwanda huu, wenye kimo cha karibu mita 1,800, una nyasi nyingi na miti michache, hivyo kilimo cha kukata matawi na kuchoma, kinachojulikana kwa majirani wa Zambia, hakikuwezekana hapa. Wafipa wakabuni ntumba. Mvua zikikaribia kwisha, ardhi ikiwa bado laini, mkulima hupindua tabaka la juu kwa jembe, nyasi zikiwa chini na udongo juu, akarundika kilima cha duara. Nyasi huoza humo ndani kiangazi chote. Mvua mpya zikianza, kilima huvunjwa, udongo uliorutubishwa hutandazwa, na ulezi hupandwa. Hapo ndipo nguvu ya ardhi ilipotoka, bila mfuko hata mmoja wa mbolea ya dukani.

Majembe hayo nayo yalitoka hapa hapa. Kwenye vichaka vya Nkansi bado yamesimama malungu, matanuri ya kuyeyushia chuma, marefu kuliko mtu, ya udongo wa kichuguu. Hayakuhitaji mivukuto: upepo uliingia kwa matundu ya chini na kupanda wenyewe katikati ya mkaa na mawe ya chuma. Kilichopatikana kilisafishwa tena kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo mivukuto ilitumika. Tanuri lilitendewa kama bibi harusi, kwa dawa na miiko, kwa kuwa chuma kilikuwa kinazaliwa. Mtaalamu wa mambo ya kale Bertram Mapunda amechimba na kuonyesha kwamba katika Nkansi kulikuwa na zaidi ya namna moja ya kuyeyusha, nyingine ikiwa ya zamani kuliko malungu. Jembe la kiwandani kutoka Ulaya ndilo lililozima moto huo.

Ulezi wa ntumba uliishia pia kwenye chungu. Kimpumu, pombe ya ulezi, huongezewa maji ya moto na kunywewa kwa mirija, wazee wakikizunguka chungu kimoja na kuzungumza. Ukitaka kujua tabia ya kijiji cha Kifipa, kaa hapo.

Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki walioingia Karema mwaka 1885 walileta dini na shule. Wajerumani wakaweka boma Kasanga, wakiliita Bismarckburg. Mwaka 1963 serikali ya uhuru ikafuta uchifu, na katika miaka ya 1970, muongo wa mkoa mpya, ikaja Operesheni Vijiji ya kuwakusanya watu vijijini, kwa watu ambao tayari walikuwa wanajua kukaa pamoja. Leo plau ya ng'ombe imechukua nafasi ya mikono katika mashamba mengi, na mahindi yameushinda ulezi.

Kumbukumbu za Milansi zilizopo vitabuni zimo zaidi kwa Kiingereza, nyingi zikitoka kwa wazee waliozungumza miaka zaidi ya 60 iliyopita. Watoto na wajukuu wao wapo. Vijana wa Sumbawanga wenye simu mkononi wanaweza kwenda kuwarekodi kwa Kifipa, sauti na picha, na kuandika kwa Kiswahili, kabla malungu hayajageuzwa udongo wa matofali na kabla majina ya mahali hayajasahaulika.