Hesabu za Ufipa: kutoka jembe la chuma hadi gunia la mahindi

Mkulima wa Sumbawanga ana madebe 42 ya mahindi. Kwa gunia la madebe sita, anahesabu magunia saba. Mnunuzi akishindilia lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, la madebe saba, magunia yanakuwa sita, na bei ya gunia ni ile ile. Gunia zima limeliwa mchana kweupe. Katika uwanda wa juu wa Ufipa, kutojua hesabu kumewagharimu watu kwa vizazi.

Kipimo kilikuwapo kabla ya shule. Mafundi wa Kifipa walijenga malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, wakapanga humo mkaa na mawe yenye chuma tabaka kwa tabaka. Ukikosea kiasi, jasho lote limekwenda bure. Jembe lililofuliwa lilikuwa mali ya kubadilishana na bidhaa nyingine.

Wajerumani walileta hesabu ya lazima. Kuanzia mwaka 1898 walitoza kodi ya nyumba katika koloni lao. Rupia, fedha ya koloni hilo, ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 wakaigawa upya kuwa heller 100. Utawala wa Waingereza ukaleta shilingi mwaka 1921, yenye senti 100. Asiyejua kugeuza fedha hizo alibaki kumtegemea karani.

Ukarani ulipatikana darasani. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walikabidhiwa ngome ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, kisha wakaeneza misheni Ufipa. Pamoja na katekisimu, shule zao zilifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Hesabu ikawa ngazi ya ajira kwa wachache.

Baada ya uhuru, ngazi hiyo ilipanuliwa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitangaza Elimu ya Kujitegemea, shamba la shule likawa sehemu ya masomo, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima. Wazazi nao wakashika chaki. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likafungua njia ya elimu ya msingi kwa wote.

Mkoa wa Rukwa, ambamo Ufipa imo, uliozaliwa mwaka huo huo, ukajipatia jina kwa mahindi. Biashara ya nafaka ilipoachiwa watu binafsi, wanunuzi wakafika hadi mashambani, na mkulima akalazimika kujilinda mwenyewe kwa hesabu.

Lakini leo Hisabati ndilo somo linaloangusha wengi kidato cha nne. Mtoto aliyejifunza kugawanya kwa Kiswahili hukutana sekondari na hesabu kwa Kiingereza, akaishia kukariri kanuni na kuuliza: ya nini yote haya?

Sheria inapiga marufuku lumbesa na Wakala wa Vipimo hukagua, lakini mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila uwanja wa kupukuchulia mahindi. Mwalimu akianzia somo la kugawanya kwenye yale madebe 42, mwanafunzi atakuwa na jibu la swali lake, na mzazi atakuwa na mkaguzi wake nyumbani.