Hewa inanata au inaambaa?

Shika kijiko kwa ncha ya mpini, mgongo wake uguse maji yanayotiririka bombani. Maji hayaanguki wima. Yanafuata mpindo wa kijiko. Wahandisi wanaliita jambo hilo kwa jina la Mromania Henri Coandă. Boeing walilitumia katika ndege ya YC-14, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1976: injini zilikaa juu ya bawa, moshi ukafuata mgongo wake hadi ukaelekea chini, ndege ikainuka. Muunda ndege ya mfano mwenye injini ndogo ya jeti inayokunywa mafuta ya taa anaweza kujaribu hila hiyohiyo, mradi bawa lisiungue.

Kwa Kiswahili je, mwendo huo tuuiteje? “Kunata” ndilo linalokuja haraka mdomoni. Silikubali. Gundi hunata, ikatulia. Hewa inayofuata bawa iko mbioni. Manahodha wana kuambaa: chombo kwenda kandokando ya pwani, kikifuata kila ghuba na rasi. Ndiko lilikotoka neno mwambao. Utaniambia chombo kinachoambaa hakigusi ufuo. Kweli, lakini mwendo ni uleule.

Waandishi wa vitabu vya fizikia, andikeni: hewa inaambaa bawa.