Kijiti cha Siti na Kijiti cha Kitukuu Wake

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, wakatiliwe nyimbo zao katika santuri. Upande mmoja wa santuri za siku zile ulichukua dakika tatu hivi, basi wimbo ulilazimika kufupishwa hata ukaenea. Mwaka 2020 kitukuu wake, Siti Muharam, alitoa albamu ya kumuenzi, Siti of Unguja. Humo ala hupokezana pasi na haraka, na sauti yasikika safi bila mkwaruzo wa sindano. Kwa hayo twaisifu.

Lakini tuutazame wimbo wa "Kijiti". Mtu huyo alimwua mwanamke mgeni akatoroka. Waliofungwa ni mashahidi. Siti aliwaimbia watu walioijua kesi, chini ya serikali ile ile ya kikoloni ambayo mahakama yake ilitoa hukumu. Kwao wimbo ulikuwa mashtaka. Sisi wa leo twasikia huzuni tu, tena huzuni tamu, wala hatumjui marehemu. Kitukuu ameimba vema; waliokosekana ni wasikilizaji wale. Mwalimu atakayeupiga darasani na aisimulie kesi kwanza.