Jinsi ubongo unavyopima tuzo na kuongoza uamuzi

MAVUNO ya pojo, au ndengu kama zinavyojulikana na wengi Ukambani, yanapokwisha kupepetwa huko Ekalakala, eneobunge la Masinga, Kaunti ya Machakos, mkulima hukabiliwa na uamuzi mgumu. Je, amuuzie magunia yote dalali aliyefika na pesa taslimu, au ahifadhi sehemu hadi bei ipande na kutenga mbegu za msimu ujao?

Wapo wanaouza kwa sababu karo na deni la duka havisubiri. Hata hivyo, sayansi inaonyesha kwamba hata pasipo na dharura, ubongo wa binadamu huvutwa zaidi na kilicho karibu.

Uchunguzi wa jambo hili ulipiga hatua kubwa mwaka wa 1954, wakati James Olds na Peter Milner wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, walipotia waya mwembamba ndani ya ubongo wa panya. Kila panya alipobonyeza kitufe, umeme hafifu ulisisimua sehemu fulani ya ubongo. Panya hao walikibonyeza kitufe mara mamia kwa saa. Ikabainika kwamba ubongo una mfumo maalumu wa kushughulikia tuzo.

Kiungo muhimu cha mfumo huo ni kemikali iitwayo dopamini. Hutolewa na seli za neva zilizo katika ubongo wa kati na kupelekwa sehemu za ndani zinazojenga mazoea, na pia sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayohusika na mipango.

Watu wengi hudhani kwamba dopamini ndiyo raha yenyewe. Sivyo. Mtaalamu Wolfram Schultz, alipochunguza nyani nchini Uswisi, aliona kwamba mwanzoni seli hizo zilisisimka mnyama alipopewa matone ya maji ya matunda. Baada ya kujifunza kwamba taa hutangulia maji hayo, zilisisimka taa ilipowaka, si alipokunywa. Na maji yasipokuja kama ilivyotarajiwa, seli zilinyamaza kwa muda mfupi.

Kwa maneno mengine, dopamini hupima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Tuzo ikizidi matarajio, ubongo husema: rudia. Ikipungua, husema: acha. Schultz alieleza nadharia hiyo pamoja na Peter Dayan na Read Montague mwaka wa 1997, na mwaka wa 2017 yeye, Dayan na Ray Dolan wakatunukiwa tuzo kubwa ya utafiti wa ubongo nchini Denmark.

Mfumo huu ni mwalimu hodari, lakini unaweza kufundisha vibaya. Mahali pakame kama Ekalakala, ambapo mvua haitabiriki, mkulima aweza kutumia mbegu bora na kupanda kwa wakati, kisha mvua ikakatika. Ubongo wake huona hasara na huenda ukailaumu mbegu, ilhali kosa lilikuwa la anga. Ndiyo maana inafaa kuandika matokeo ya misimu kadhaa kabla ya kuacha mbinu fulani.

Kamari nayo hutumia udhaifu uo huo. Ushindi mdogo usiotarajiwa huamsha dopamini kwa nguvu, na kijana huendelea kubashiri kwa simu hata anapopoteza zaidi ya anachopata. Si ajabu kwamba baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, wanapotumia dawa zinazoiga kazi ya dopamini, hujikuta na uraibu wa kamari ambao hawakuwa nao awali.

Je, kuna tiba? Jibu moja lilipatikana Busia, magharibi mwa Kenya. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwapa wakulima nafasi ya kununua mbolea mara tu baada ya mavuno, wakiwa bado na pesa, na kupelekewa bila malipo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka wa 2011, yalionyesha kwamba punguzo hilo dogo lilikuza matumizi ya mbolea kwa kiasi kinacholingana na punguzo kubwa zaidi linalotolewa baadaye katika msimu.

Machakos yenyewe ina ushahidi wake. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliiona ardhi hiyo kuwa imeharibiwa na mmomonyoko. Lakini wakazi, wengi wao kupitia vikundi vya kusaidiana vya mwethya, walichimba matuta ya kuzuia maji, kazi ya jasho ambayo faida yake huonekana baada ya misimu mingi. Utafiti wa Mary Tiffen na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 1994, ulionyesha kwamba kufikia 1990 idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Funzo ni kwamba uamuzi wa busara hufanywa mapema, kabla kishawishi hakijafika mlangoni, na huwa mwepesi ukifanywa pamoja na wengine. Mkulima akubaliane na jamaa yake, pojo zingali shambani, ni magunia mangapi yatauzwa na mangapi yatabaki. Wahenga walisema akiba haiozi. Mradi tu zikaushwe vizuri, fukusi wasije wakazila.