Mafuta ya Nazi na Nywele za Pwani

Ni matunda machache yaliyogawiwa majina katika Kiswahili kama lilivyogawiwa tunda la mnazi. Linapochipuka ni kidaka. Likikua kidogo ni kitale. Likijaa maji ni dafu. Nyama yake ikianza kuwa ngumu ni koroma. Na likikomaa ndipo linapopata jina la nazi. Nazi nayo ikikaushwa hata nyama ikabanduka katika kifuu, huitwa mbata. Lugha haikigawi kitu kimoja mafungu mengi hivi bila ya sababu. Kila fungu lina kazi yake, lina wakati wake, na aghalabu lina watu wake.

Makala haya yanahusu kazi moja tu ya tunda hili, nayo ni mafuta ya kupaka nywele. Ni kazi iliyohesabiwa kuwa ndogo, ya uani, ya wanawake, na kwa hivyo walioandika historia ya visiwa vyetu wameipita bila ya kugeuka. Hoja ninayotaka kuitoa ni kwamba historia ya mnazi kwetu imeandikwa upande mmoja, yaani upande wa mbata iliyopita forodhani. Mafuta yaliyobaki nyumbani hayakuingia daftarini kwa sababu hayakutozwa ushuru, na kile kisichotozwa ushuru ni tabu kukiona katika nyaraka za serikali.

Tuanze na mti wenyewe. Uchunguzi wa nasaba za minazi ya dunia uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa minazi ina koo mbili kubwa, moja ya Bahari ya Pasifiki na nyingine ya Bahari ya Hindi. Katika Bukini na Ngazija, na pwani inayoelekeana nazo, wataalamu walikuta minazi ya damu mchanganyiko, na wakaona kuwa jambo hilo linaafikiana na safari za kale za mabaharia waliotoka visiwa vya Asia ya kusini-mashariki. Mnazi wetu, basi, ni msafiri kama tulivyo wengi wetu, na ndani yake mna kumbukumbu za safari ambazo hazikuandikwa na mtu.

Na hata pale maandishi yalipoanza, mafuta ya nazi yaliingia kwa mashaka. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erythraea, kinapotaja bidhaa zilizotoka Rhapta, baada ya pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa, kinaongeza kitu kidogo chenye jina la nauplios. Wako wafasiri waliosema kuwa ni mafuta ya nazi, na wako waliosema kuwa ni gamba la mnyama wa baharini. Mzozo huo haujesha. Lakini tunapofika karne ya kumi tunasimama penye ardhi ngumu zaidi. Al-Masudi, aliyefika kisiwa cha Kanbalu, ambacho wengi wanakifananisha na Pemba, na akarudi Oman mnamo mwaka 916, aliandika kuwa nazi ilimea katika visiwa vya Zanji na kuwa ilikuwa chakula cha watu wake.

Shahidi aliye karibu zaidi na mada yetu ni Ibn Battuta. Mwaka 1331 alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa, na kutoka Kilwa akavuka hadi Dhofar, ambako ni kusini ya Oman ya leo. Huko ndiko alikosita kuueleza mnazi kwa urefu. Anasimulia jinsi nazi zilivyomenywa, zikakatwa vipande, zikakaushwa juani na kupikwa katika masufuria hata zikatoa mafuta. Kisha anataja matumizi yake matatu: kuwashia taa, kulia mkate, na wanawake kupaka nywele zao. Sentensi ile ni fupi, lakini ina thamani kubwa kwetu. Dhofar na pwani yetu zilikuwa katika njia moja ya majahazi na pepo zile zile za musimu. Aliyekuwa na mnazi Dhofar na aliyekuwa na mnazi Unguja walikuwa na chupa moja mkononi.

Namna ya kuyapata mafuta hayo kwetu ni mbili, na tofauti yake ndiyo kiini cha habari hii. Ya kwanza ni ya tui. Huchaguliwa nazi zilizokomaa barabara, zikavunjwa na kukunwa kwa mbuzi. Machicha hutiwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa kwa mkono au kwa kifumbu. Tui hulazwa usiku kucha hata mafuta yake mazito yakaelea juu, nayo huenguliwa na kutelekwa kwa moto mdogo. Maji huruka, mafuta hujitenga, na shata hubaki chini ya sufuria. Wanaoijua kazi huitambua kwa sauti na harufu: tui linalotokota lina mchemko mzito, na mafuta yakishaiva mchemko hunyamaza na shata huanza kunukia. Akizubaa mpishi dakika chache, shata huungua na mafuta yote huingia harufu ya moshi. Lita moja inataka nazi zaidi ya kumi, na inataka muda wa mwanamke tangu jioni mpaka kesho yake mchana.

Njia ya pili ni ya mbata. Nazi huvunjwa vipande viwili na kukaushwa juani, au juu ya moto wa makumbi na vifuu, kisha hushindikwa. Katika karne ya 19 mjini Unguja shinikizo lilizungushwa na ngamia aliyefungwa macho, akizunguka kinu kutwa nzima. Mafuta ya mbata ni mengi na ni rahisi, ila huwa na rangi na harufu ya moshi uliyoyakausha. Kwa taa yalifaa. Kwa kupikia yalivumiliwa. Kwa nywele wenye kuchagua walitaka ya tui.

Biashara haikuwa na haja ya kuchagua. Inajulikana kuwa Seyyid Said aliamuru kupandwa mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, na ndivyo karafuu ilivyotawala mashamba ya Unguja na Pemba. Lakini mnazi haukuondoka. Mkataba wa kibiashara na Ufaransa wa mwaka 1844 uliwafungulia mlango wafanyabiashara wa Marseille, mji uliokuwa ukipika sabuni kwa wingi na uliokuwa na njaa ya mafuta ya mimea. Ufuta na nazi za pwani yetu zikaingia katika masufuria yao. Kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu na minazi ya Unguja kwa wingi, Pemba ikasalimika zaidi. Mnazi mrefu huchukua miaka sita au zaidi kuzaa, kwa hivyo pigo lile lilikuwa la miaka, si la msimu mmoja. Hata hivyo, katika zama za himaya ya Waingereza, mbata ilikuwa ya pili baada ya karafuu katika bidhaa zilizosafirishwa kutoka visiwani.

Hapa mtu anaweza kuuliza: je, mbata ya Marseille inahusianaje na nywele za mwanamke wa Ng'ambo au wa Wete? Inahusiana kwa njia mbili. Kwanza, asidi iliyo nyingi katika mafuta ya nazi, iitwayo asidi ya lauriki, ambayo ni karibu nusu ya mafuta yote, ndiyo inayoifanya sabuni ya nazi itoe povu jingi, hata katika maji ya chumvi. Asidi hiyo hiyo, ikiwa bado ni mafuta na haijageuzwa sabuni, huupenya unywele. Mbata ilitoka ikiwa mafuta, na sabuni ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoingia bandarini. Kilichotoka kikiwa na uwezo wa kuulinda unywele kiliweza kurudi kikiwa na uwezo wa kuukausha. Pili, kila nazi iliyopelekwa kukaushwa kwa ajili ya forodha ilikuwa nazi isiyokunwa uani. Mwenye shamba hakuona tofauti hiyo. Aliyeiona ni mwenye minazi miwili nyuma ya nyumba, aliyelazimika kuamua kila mwezi kipi kiuzwe na kipi kibaki.

Nywele zenyewe nazo hazikuwa jambo la urembo mtupu. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya Zanzibar baada ya utumwa, ameonyesha jinsi mavazi, na hasa kichwa, yalivyotenga muungwana na mtumwa. Mtumwa alikaa kichwa wazi, mara nyingi kikiwa kimenyolewa. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa katika sheria, wanawake waliokuwa watumwa walijifunika kwa kanga, na baadaye kwa buibui. Tukiyatazama hayo vyema tutaona kuwa chini ya kitambaa kile kulikuwa na jambo jingine ambalo jicho la mpita njia halikuliona: nywele zilizoachwa zikue. Kufuga nywele, kuzitia mafuta, kuzichana na kuzisuka kwataka saa ambazo mtu anazimiliki mwenyewe. Aliyekuwa hana saa yake hakuwa na nywele zake.

Ndiyo maana mafuta haya yamefungamana na vituo vya maisha. Bibi harusi hutiwa mafuta yaliyolazwa asumini au langilangi, na mwili wake husuguliwa singo. Mwanamke aliye katika eda, kwa miezi minne na siku kumi, hujiepusha na manukato na mapambo. Eda ikitoka, kuoga na kutia mafuta yenye harufu nzuri ni kurejea miongoni mwa watu. Na kila jioni ya kawaida, mtoto wa kike huketi chini kati ya magoti ya mama au bibi yake akasukwa, na hapo hupata pamoja na mafuta hadithi, maonyo na habari za ukoo. Katika asubuhi za kipupwe mafuta huganda chupani, kwani hayahitaji baridi kali ili yagande. Joto likishuka chini ya digrii 24 hivi huanza kuwa meupe. Chupa huanikwa juani kwanza, na msusi husubiri.

Je, yana faida kweli, au ni mazoea tu? Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Walikuta kuwa ni ya nazi peke yake yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa upotevu wa protini ya unywele, yakipakwa kabla ya kuosha au baada yake. Sababu waliyoitoa ni kuwa asidi ya lauriki ina umbo dogo lililonyooka na inashikamana na protini za unywele, hivyo huingia ndani, ilhali mafuta ya madini hubaki juu. Uadilifu unatutaka tuseme kuwa watafiti hao walikuwa wa kampuni inayouza mafuta ya nazi. Uadilifu unatutaka pia tuseme yale ambayo mafuta haya hayafanyi. Hayaoteshi nywele pasipoota, wala hayaponyeshi maradhi ya ngozi ya kichwa. Kinachoonekana kuwa ni kurefuka ni kutokatika: unywele hukua kwa kasi yake ile ile, ila ncha yake haivunjiki upesi.

Hiyo si faida ndogo ukizingatia kinachoshika nafasi yake. Dawa za kunyoosha nywele zimeenea mjini na shamba, na wanaozitumia wanajua zinavyochoma kichwa. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliowafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11 walieleza kuwa waliotumia dawa hizo mara kwa mara walipatwa na saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili kuliko wasiozitumia. Uhusiano si uthibitisho wa sababu, na watafiti wenyewe walitaka uchunguzi zaidi. Lakini kwa mzazi mwenye binti wa miaka kumi, hilo latosha kumfanya afikiri kabla ya kununua kopo.

Tatizo ni kwamba chaguo la pili linazidi kuwa ghali. Minazi mikongwe hukatwa mbao, mingine hupisha hoteli ufukweni, na mdudu chonga huimaliza mingine. Mnazi uliopandwa leo utazaa baada ya miaka, na wapandaji si wengi kama wakataji. Mafuta ya tui sasa hutiwa katika vichupa vyenye utepe na kuuzwa kwa wageni, na hilo si baya, kwa kuwa huwapa wanawake wa vijijini pato. Ila kazi ile ile iliyokuwa haiingii daftarini kwa kuwa ni ya nyumbani, sasa inaingia daftarini kwa kuwa inatoka nyumbani. Forodha imeufikia uani.

Kwa wanaoandika historia, wajibu uko wazi. Wazee wanaoijua sauti ya tui linapogeuka mafuta bado wako hai, Makunduchi, Chake Chake, Lamu na kwingineko. Waulizwe nazi za mnazi upi walizichagua, walilaza tui kwa muda gani, waliuza nini na wakabakisha nini katika miaka ya dhiki. Skuli zetu zinafundisha bei ya karafuu na majina ya masultani; zinaweza pia kufundisha hili. Na kwa mwenye kiwanja, hata kiwe kidogo, mnazi hautaki nafasi kubwa.