Shule ya Wote na Hazina Tupu

Katika habari hizi twapenda kueleza jinsi shule ya msingi katika Tanzania ilivyofunguliwa kwa watoto wote, jinsi mlango wake ulivyopungua upana fedha za serikali zilipokuwa haba, na jinsi ulivyofunguliwa tena. Habari hizi zatuhusu sisi walimu, na zawahusu wazazi pia.

Zamani za utawala wa Waingereza shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, na za Waafrika mbali. Tena nyingi katika shule za Waafrika zilikuwa za misheni, na wazazi Waislamu wengi walisita kupeleka watoto wao, wakihofu watageuzwa dini. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, watoto wa shule za msingi hawakutimia 500,000. Mwaka 1962 utengano wa rangi uliondolewa. Kisha kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za misheni zilizopewa ruzuku zikawekwa chini ya serikali. Wako Wakristo walioona uchungu, maana walizijenga kwa jasho lao. Walakini kwa njia hiyo mtoto wa Mkristo na mtoto wa Mwislamu walikaa dawati moja, wala hakuna aliyeulizwa dini yake mlangoni.

Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 1973. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, wakuu wa TANU walikutana Musoma, wakaazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto aliyefikia umri apate nafasi ya shule. Wanavijiji walifyatua matofali na kujenga madarasa. Kwa kuwa walimu hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu vijijini, huku wakifundisha. Watoto walikuwa wapata 1,200,000 mwaka 1974. Mwaka 1980 wakazidi 3,300,000.

Lakini wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Bei ya kahawa, iliyokuwa imepanda sana, ikashuka. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na vita vile vikala fedha nyingi; kisha bei ya mafuta ikapanda mwaka 1979. Hazina ikakauka.

Ndipo palipozuka mabishano makubwa. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa tayari kukopesha, kwa sharti kwamba thamani ya shilingi ipunguzwe na matumizi ya serikali yakazwe. Bwana Edwin Mtei, Waziri wa Fedha, aliona hapana budi kupatana nao. Mwalimu Nyerere alikataa, kwa kuwa aliona masharti yale yangewaumiza wanyonge na kubomoa usawa uliokuwa ukijengwa. Mwaka 1979 Bwana Mtei akajiuzulu. Kila mmoja alishika sehemu ya kweli. Huyu alijua kwamba ahadi isiyo na fedha haimfundishi mtoto kusoma. Na yule alijua kwamba mzigo wa kubana matumizi humwangukia kwanza asiye na wa kumsemea.

Yaliyofuata yaliwathibitisha wote wawili. Shule zilibaki wazi, bali hazikuwa na vitabu. Watoto wakakaa sakafuni. Bajeti ya mwaka 1984 ilianza kulegeza njia ya zamani, na mwaka 1986, wakati wa Rais Mwinyi, mapatano na Shirika la Fedha yalitiwa sahihi. Wazazi wakatakiwa kuchangia gharama. Mwenye kahawa au mshahara alitoa. Mjane mwenye watoto wanne alichagua mmoja. Wengine wakaona mtoto huenda miaka saba na kurudi bila kujua kusoma vema, wakamwacha shambani. Hata mwaka 2000, katika kila watoto 100 wenye umri wa shule ya msingi, walioandikishwa hawakufika 60.

Mwaka 2001, wakati wa Rais Mkapa, ada iliondolewa tena, na Benki ya Dunia ikatoa mkopo kusaidia kazi hiyo. Watoto waliokuwa karibu 4,400,000 mwaka 2000 wakawa zaidi ya 7,500,000 mwaka 2005. Tazama wingi huo! Ulionyesha kwamba wengi hawakuichukia shule. Walizuiwa na fedha. Lakini msongamano ulirudi pia, na mwalimu mmoja akajikuta mbele ya darasa lisilohesabika kwa urahisi.

Basi twajifunza nini? Kwanza, jamii ya wote haijengwi kwa azimio peke yake; yataka hesabu, vitabu, na walimu waliofunzwa. Pili, fedha zikipungua, lazima iulizwe mapema ni nani atakayebaki nje. Swali hilo si la wakubwa wa Dodoma tu. Kamati ya shule ikikaa kupanga mchango wa uji au wa ukarabati, nayo inakata bajeti yake ndogo. Basi kabla ya kuandika kiasi, na wamtaje kwa jina yule asiyeweza kutoa, wapatane jinsi mtoto wake atakavyoingia darasani pamoja na wenzake. Wakishindwa kufanya hivyo kijijini, watailaumu serikali kwa haki gani?