Mbwa anachanjwa, mwenye mbwa hapana: historia ya chanjo ya Lyme

Leo tutoke kidogo kwetu twende Marekani, kisha tutapita Kasongo. Mutaona juu ya nini.

Kule Connecticut, mutu akimpeleka mbwa wake kwa munganga wa wanyama, mbwa anaweza kupigwa sindano ya kumkinga na ugonjwa wa Lyme. Yeye mwenyewe anatembea na huyo mbwa katika majani yaleyale, anaumwa na kupe walewale, lakini tangu 2002 alikaa miaka zaidi ya 20 bila chanjo. Na si kusema eti wanasayansi walishindwa. Chanjo ya watu ilikuwako. Iliuzwa. Kisha ikaondolewa sokoni, na ile ya mbwa ikabaki.

Lyme ni jina la mji mdogo. Mama mmoja wa huko, Polly Murray, aliumwa miaka na miaka, yeye na watoto wake: viungo kuvimba, ngozi kutoka alama nyekundu, uchovu usioisha. Waganga wengi walimwona kama mutu wa kujitafutia ugonjwa. Akaandika orodha ya majirani wenye kuumwa sawa vile, na mwaka 1975 akapigia simu wakubwa wa afya wa jimbo. Njo Allen Steere wa Yale alianza kuchunguza: wagonjwa 51, kati yao watoto 39. Kwa hiyo mwanzo wa historia hii si laboratware, ni kaye la mama mwenye kukasirika.

Kiini cha ugonjwa kilionekana mwishoni mwa 1981. Willy Burgdorfer, Mswisi aliyekuwa anafanya kazi Montana, alipasua kupe akaona ndani bakteria wembamba waliojipinda. Aliwatambua haraka kwani jamaa zao alikuwa anawajua tangu masomo yake ya Basel. Huko aliandika tezi yake ya udaktari juu ya papasi wa Afrika na bakteria wake, Borrelia duttonii. Na huyo Dutton ni nani? Ni Joseph Everett Dutton, munganga Mwingereza aliyechunguza homa ya papasi hapa Kongo, ikamshika yeye mwenyewe, akafia Kasongo mwezi wa pili 1905. Bakteria wa Lyme walipewa jina la Burgdorfer, wale wa papasi jina la Dutton. Ni ukoo mumoja. (Profesa wetu wa historia hawakutuambia hii, na Maniema iko hapa tu.)

Turudi kwa mbwa. Chanjo yao ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 1990. Ya watu, yenye jina LYMErix, ya kampani SmithKline Beecham, iliruhusiwa mwezi wa 12 mwaka 1998, baada ya kujaribiwa kwa watu karibu 11,000. Kazi yake ni ya ajabu kidogo: mutu anatengeneza kinga ndani ya damu, kupe anainyonya pamoja na damu, na bakteria wanakufa ndani ya tumbo la kupe mbele ya kufika kwa mutu. Kwa sindano tatu, ilizuia ugonjwa kwa asilimia 76. Si vibaya hata kidogo.

Lakini mwaka uleule wa 1998 watafiti walitoa wazo: kipande kimoja cha protini OspA, ile iliyo ndani ya chanjo, kinafanana na kipande cha mwili wa mutu, na labda kinaweza kuamsha ugonjwa wa viungo kwa watu wa aina fulani. Ilikuwa wazo, haikuwa ushahidi. Watu waliochanjwa wakaanza kusema viungo vinauma. Mwaka 1999 avoka wakafungua kesi. Magazeti yakaandika. Wakubwa wa dawa, FDA, wakakaa mwezi wa kwanza 2001 kuangalia yote, hawakupata kwamba waliochanjwa wanaumwa viungo kupita wasiochanjwa. Haikusaidia. Wanunuzi wakakimbia, na mwezi wa pili 2002 kampani ikaitoa sokoni. Kesi iliisha 2003: avoka walilipwa gharama zao, walalamikaji hawakupata kitu.

Kuna wenye kusema: munaona, wazungu wanapenda mbwa kupita watu. Maneno matamu, lakini mimi siyakubali. Chanjo ya mbwa inapitia wizara ya kilimo, siyo FDA. Mwenye mbwa analipa mfukoni, mambo yanaisha. Mbwa hana avoka. Kule Marekani kuna mufuko wa leta wa kulipa watu walioumizwa na chanjo, lakini unahusu hasa chanjo zinazoshauriwa kwa watoto wote. LYMErix haikuwa mo, ilikuwa ya watu kuanzia miaka 15. Kwa hiyo kila mulalamikaji alienda kushitaki kampani moja kwa moja. Halafu wakubwa wa afya waliishauri kwa sauti ndogo: mutu wa eneo la kupe "afikirie" kuchanjwa. Nani atapanga mustari kwa ushauri wa namna hiyo? Kwa mbwa, hofu yote hiyo haikuwako, na biashara iliendelea.

Mwaka 2022 Pfizer na Valneva walianza jaribio kubwa la chanjo mupya ya watu. Ni OspA tena, lakini kile kipande cha ubishi wa 1998 wamekitoa. Wazo ambalo halikuthibitishwa liliua chanjo moja na kubadilisha ingine.

Na bakteria wa Dutton? Hawana chanjo ya mutu mupaka leo. Pale kwetu kunako papasi ndani ya nyumba za udongo, mugonjwa anapanda homa, anapewa dawa ya malaria, homa inashuka yenyewe kwa siku chache, wote wanafikiri dawa imefanya kazi. Kisha inarudi. Anayeweza kuona tofauti ni mutu wa laboratware, kama iko mikroskopu, na kama anajua kutafuta kitu kingine kuliko malaria katika ile tone ya damu.